Ugali Sukuma Kila Siku: Nani Alitupangia Hii Menyu?

Muulize kijana yeyote anayeishi peke yake hapa Kisumu, awe Manyatta, Nyalenda, Kondele ama Migosi, jana alikula nini. Jibu unalijua kabla hajafungua mdomo: ugali sukuma. Juzi? Ugali sukuma na yai. Wikendi? Chapo madondo ya kibanda, ama chipo za kufungiwa. Kisha wazee wanatuambia kizazi chetu ni kivivu, hatujui kupika. Na sisi wenyewe tunacheka, tunatengeneza video za utani kuhusu sufuria moja na mwiko mmoja, maisha yanaendelea.

Mimi sikubali hiyo hadithi ya uvivu, na nitaeleza kwa nini kwa kutumia historia. Hii menyu haikutoka kwa uvivu wetu. Haikutoka kwa mila yetu pia. Ilipangwa. Ina miaka yake, ina sheria zake, ina hata kipimo chake kwa ratili. Ukishaelewa ilivyopangwa, utaona pia mahali pa kutokea, na hapo si lazima uwe na friji wala oveni.

Twende polepole.

Kulala peke yako, kula na wengi

Kwa Wajaluo wa zamani, kijana akishakua alijengewa ama alijijengea simba, nyumba yake ndogo upande wa lango la boma. Hapo alilala peke yake ama na ndugu na marafiki zake. Kwa hivyo wazo la kijana kuwa na chumba chake si geni hapa, wala halikuletwa na mwenye nyumba wa kukudai kodi tarehe 5.

Lakini simba haikuwa na jiko. Kijana alilala simba, chakula kilitoka kwa mama, kwa nyanya, kwa wake wa baba. Wanaume wakubwa nao walikula kwenye duol, nyumba ndogo ya mzee karibu na zizi la ng'ombe. Kila nyumba ilileta ilichopika. Hebu fikiria: jioni moja, kutoka nyumba hii kuon ya mtama na samaki mkavu, kutoka nyumba ile osuga na dek zilizotiwa maziwa, kutoka kwa nyanya mahindi na maharagwe, yaani nyoyo. Mtu alionja vyakula vitatu vinne na hakuna mpishi hata mmoja aliyepika zaidi ya kimoja.

Sisemi ilikuwa peponi. Kazi yote hiyo ilibebwa na wanawake: kuchuma, kusaga kwa jiwe, kuteka maji, kutafuta kuni. Nyanya yangu wa Seme akisikia mtu anasifia zamani sana huuliza kama huyo mtu amewahi kusaga wimbi kwa jiwe. Lakini shika hili jambo moja, maana nitalirudia: chakula cha aina nyingi kilitokana na majiko mengi. Hakikutokana na mtu mmoja mwenye bidii ya ajabu.

Neno posho

Desemba 1901 reli ilifika ziwani, mahali walipopaita Port Florence, yaani Kisumu hii yetu. Mwaka uliofuata, eneo hili ambalo lilikuwa upande wa Uganda likahamishiwa upande ambao leo ni Kenya. Reli ilikuja na kazi, na kodi ikahakikisha kazi ina watu. Kodi ya nyumba ilianza mwanzoni mwa karne ya 20, na 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, ili hata kijana asiye na nyumba yake alipe. Kodi ilitaka pesa, na pesa ilipatikana mbali: kwa reli, kwa mashamba ya walowezi, kwa bandari ya Mombasa, kwa mashamba ya chai Kericho. Kuanzia 1920, kila mwanaume Mwafrika alivaa kipande shingoni ili mwajiri na polisi wajue ametoka wapi na ameajiriwa na nani.

Mwanaume aliondoka peke yake. Mke, mama na watoto walibaki. Sasa huyu mtu aliyezoea kuletewa chakula kutoka majiko matatu atakula nini?

Atakula posho.

Hili neno liangalie vizuri. Leo Tanzania ukisema posho, watu wanafikiria pesa ya vikao ya wabunge. Vuka mpaka uende Uganda, posho ni ugali wenyewe. Na hapa kwetu bado tunapeleka mahindi kwa posho mili. Neno moja, maana tatu, lakini mzizi ni mmoja: mgao wa chakula anaopewa mfanyakazi ama askari. Kipimo cha kawaida cha mfanyakazi wakati wa ukoloni kilikuwa ratili 2 za unga wa mahindi kwa siku, karibu gramu 900. Pengine maharagwe kidogo, pengine chumvi, nyama mara mojamoja. Unga ndio ulikuwa chakula, hayo mengine ni bahati.

Kwa nini mahindi? Mahindi hayakuwa chakula kikuu cha huku. Yalitoka bara Amerika na kufika Pwani kupitia Wareno. Kuon ya ziwani ilikuwa ya mtama, wimbi, baadaye na muhogo ndani. Lakini mahindi meupe yalikuwa rahisi kulimwa kwa wingi, rahisi kusagwa kwa mashine, rahisi kupakiwa kwa gunia na kupimwa kwa mizani. Mkuu wa mkoa wa Nyanza, John Ainsworth, aliyefika hapa 1907, alikuwa miongoni mwa waliosukuma mbegu zake kwa wakulima. Serikali ilipenda kitu kinachohesabika.

Halafu vita vikaja. Kati ya 1914 na 1918 vijana wengi wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo limebaki kama Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na magonjwa, na tumbo lilikuwa mbele. Walipewa unga wa mahindi, mara nyingi uliosagwa vibaya, wakaambiwa wajipikie baada ya kutembea kutwa na mzigo kichwani. Kuni hakuna, muda hakuna, na wengi hawakuwahi kushika mwiko maishani. Waliula ukiwa nusu mbichi, na miili iliyozoea mtama na samaki na mboga haikustahimili.

Nikisoma habari hizo siwezi kucheka utani wa "mwanaume na sufuria moja". Vijana wa umri wetu walikufa kwa kupewa unga mtupu na kuachwa wajijue.

Mshahara wa mtu mmoja

Amani iliporudi, mpango ulibaki. Mijini, wafanyakazi walipewa vyumba vya mtu mmoja ama vitanda ndani ya chumba cha wengi: landi za reli, nyumba za manispaa. Ukitafuta babu wa bedsita yako, ni huyo. Chumba cha kulala mtu anayetarajiwa kwenda kazini asubuhi na kurudi kwao akizeeka. Jiko halikupangiwa nafasi, kwa sababu aliyechora ramani alifikiria kitanda tu.

Mshahara nao ulihesabiwa hivyohivyo. Kwa miaka mingi kiwango cha chini kilipigiwa hesabu ya mahitaji ya mwanaume asiye na familia, hata kama alikuwa na mke na watoto watano Nyakach. Dhana ilikuwa kwamba shamba la nyumbani litalisha hao wengine. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kuchunguza mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ndiyo iliyopendekeza waziwazi kwamba mshahara uhesabiwe kwa mtu mwenye familia. Yaani zaidi ya miaka 50 baada ya reli kufika Kisumu, serikali ndiyo kwanza inakubali kwamba mfanyakazi ni mtu wa watu.

Sasa ukiwa na mshahara wa tumbo moja, chumba kisicho na jiko na saa nyingi za kazi, utapika nini? Ugali. Na mboga ya bei ya chini inayoota haraka hata nyuma ya nyumba. Sukuma ni jamii ya kabeji, haikuzaliwa huku. Lakini jina lake tulilipa sisi, na linasema ukweli wote: ni ya kusukuma wiki. Hakuna aliyeipa jina la utamu. Ilipewa jina la kazi yake, kukuvusha hadi mshahara.

Ndiyo nasema menyu yako ilipangwa. Unga ulipangwa na mwenye gunia. Mboga ilipangwa na mwenye mshahara. Wewe umerithi tu.

Mwanaume jikoni

Kuna wasee watasema: sawa, lakini mila yetu hairuhusu mwanaume kupika. Hapa historia inachekesha kidogo. Katika nyumba za walowezi na kwenye hoteli za kikoloni, wapishi karibu wote walikuwa wanaume, na wengi wao walitoka magharibi mwa Kenya. Mwaka 1928 kilichapishwa Nairobi kitabu cha mapishi cha walowezi, kilichotungwa na akina mama wa kanisa la St Andrew's, na ndani yake mna Kiswahili cha kumwagizia mpishi kazi. Huyo mpishi ni babu ya mtu hapa. Aliweza kuoka mkate, kuchoma nyama kwa oveni ya kuni, kupika supu na keki, kwa lugha ya kigeni na saa ya kigeni.

Jioni anarudi chumbani kwake nyuma ya nyumba kubwa na kusonga posho.

Kwa hivyo tusidanganyane kwamba mwanaume wa huku hajui jiko. Amelijua kwa miaka 100, bora tu alipwe na anayekula awe mtu mwingine. Kilichokuwa aibu ni kujipikia vizuri yeye mwenyewe. Hiyo aibu mimi naikataa.

Tunaishi ziwani, samaki wako wapi?

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Sisi hatuko jangwani. Tuko kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, lakini kijana wa Kisumu anaona samaki mzima kwa sherehe.

Hata hilo lina historia. Mwaka 1905 nyavu za kisasa za kutega zililetwa ziwani na Mnorwe aitwaye Aarup. Ngege, samaki mtamu wa asili wa hapa, alivuliwa kwa kasi na kuuzwa mbali kwa reli, mpaka akaanza kupungua. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 mbuta akaingizwa ziwani. Kufikia miaka ya 1980 mbuta alikuwa amejaa, na samaki wengi wa asili wameliwa au wametoweka. Viwanda vikajengwa Kisumu vya kukata minofu na kuisafirisha ng'ambo. Minofu ilienda Ulaya. Kilichobaki huku ni mifupa, kichwa na mkia. Akina mama wa Obunga wakaanza kuikaanga na kuiuza, nasi tukaipa jina: mgongo wazi. Na siku hizi kwenye masoko yetu kuna samaki wa kuganda kutoka China.

Omena nao, samaki wetu wadogo wa usiku na taa, sehemu kubwa inaishia viwanda vya chakula cha kuku. Kuku anakula omena, wewe unakula sukuma.

Sasa tufanye nini

Sitaki kumaliza kwa kulalamika. Ukiishi peke yako, shida kubwa si kukosa mapishi. Shida ni kwamba kila kitu kinauzwa kwa kipimo cha familia, na ukipika kingi kinaharibika. Lakini watu wa ziwa hili hawakuwa na friji kwa miaka mamia, na bado walikula vyakula vingi tofauti. Walitumia njia ambazo zinamfaa mtu wa bedsita kuliko video yoyote ya kigeni.

Ya kwanza ni vikavu. Omena, obambla (samaki aliyepasuliwa na kuanikwa juani), aliya (nyama iliyokaushwa). Hivi ndivyo friji ya hapa. Nunua omena waliokauka vizuri, weka kwa mkebe wenye kifuniko. Siku ya kupika, chukua mikono miwili tu. Waoshe kwa maji moto mara mbili mchanga utoke, wakaushe kwa sufuria bila mafuta mpaka waanze kulia, ndipo utie mafuta, kitunguu, nyanya na maji ya limau. Dakika 20. Kesho yake ukichoka na hao wa nyanya, tia maziwa kidogo ama rojo ya njugu, ni chakula kingine kabisa. Kumbuka uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi Julai, kwa hivyo jaza mkebe wako Machi.

Obambla unaloweka, unachemsha, unatia nyanya. Kipande kimoja kinatosha milo miwili, na supu yake ni ya kupigania.

Ya pili ni mboga chungu. Osuga (managu), dek (saga), akina ododo (terere) na boo (kunde). Kwa muda mrefu tulifundishwa kwamba hizi ni magugu, chakula cha maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango ametumia miaka mingi ya utafiti kuonyesha kinyume: zina madini na vitamini kwa wingi na zinastahimili hali yetu. Na kwa mtu wa peke yake zina siri moja. Sukuma ya jana imelala na imechoka. Osuga na dek zilizochemshwa, maji machungu yakamwagwa, kisha zikatiwa maziwa na kupashwa moto tena kila siku, huwa tamu zaidi siku ya pili. Bibi zetu walizipika siku mbili tatu kwa makusudi. Yaani unapika mara moja, unakula mara tatu, na mlo wa mwisho ndio bora. Pasha mpaka ichemke kabisa kila siku, asubuhi na jioni, usiache imelala kwenye joto la Kisumu. Kama huna muda wa kuchambua, mama mboga wengi huuza zilizochambuliwa tayari. Apoth (mrenda) changanya na kunde, tia magadi chembe tu, dakika 10 umemaliza.

Ya tatu, badilisha unga. Kibuye na masoko mengine kuna mtama, wimbi na muhogo mkavu. Posho mili watakusagia mchanganyiko wako. Hiyo kuon ya rangi ya udongo inashibisha, na unga huohuo asubuhi ni uji. Siku nyingine acha kusonga kabisa: chemsha rabuon, viazi vitamu, ule na maziwa ya mala. Chemsha nyoyo Jumamosi, siku ya kwanza ule hivyohivyo, siku ya pili uikaange na kitunguu na nyanya. Mchele unalimwa hapo Ahero tangu mradi wa miaka ya 1960, na ndengu tulizozoeshwa na majirani zetu Wahindi wa mji huu zinaiva huku unaoga.

Hesabu hapo: omena wa aina mbili, obambla, osuga, apoth, nyoyo mara mbili, ndengu na mchele. Wiki imeisha na hujarudia. Gesi ya kilo 6 ama jiko la makaa, sufuria mbili, basi.

Ya nne ndiyo niliahidi kuirudia: majiko mengi. Kwenye ploti moja kuna milango 10, na kila mlango usiku huu mtu anasonga ugali wake peke yake na kula akitazama simu. Huo ndio mpango wa landi, bado unaendesha maisha yetu na walioubuni walishakufa. Tafuta majirani wawili. Wewe pika samaki, huyu apike mboga, yule asonge. Gharama ni ileile, kila mtu amepika kitu kimoja, na mezani kuna vitatu. Na tofauti na duol ya zamani, safari hii kila mtu anashika mwiko, mwanaume na mwanamke.

Mtu akikuuliza kwa nini unajisumbua hivyo wakati unaishi peke yako, mwambie ratili 2 za unga zilikuwa hesabu ya mtu aliyekuwa akimtumia babu yako. Wewe si lazima ujipimie kwa mizani hiyo.

Soko kubwa la Kibuye ni Jumapili. Enda na mkebe wa omena, kisha ugonge mlango wa jirani umuulize yeye ana nini.